Spika Mbili za Nyuma

Ile televisheni aliichagua mama yangu, na hakuwahi kuiona hata siku moja. Macho yake yalikuwa yameshakwisha kwa vikope, ugonjwa uliowapofusha wazee wengi wa kwetu Ugogo, na tulipomfikisha kwa daktari tuliambiwa tumechelewa. Baba alishafariki. Mama akawa anaishi peke yake kijijini, upande wa Bahi, kwenye nyumba ya tembe aliyoingia akiwa bibi arusi, anapapasa ukuta kwenda jikoni, jirani mmoja akimchotea maji. Na mimi niko Makole, mjini Dodoma, katibu muhtasi serikalini, nina bomba uani na umeme ndani. Nikilala naota mama ameangukia mafiga.

Nikamfuata, nikamwambia, "Mama, twende." Akasema hapana. Nikarudi tena, nikabembeleza, nikanuna, mwishowe nikafoka, maana mimi subira sikujaliwa. Hapana. Safari iliyofuata nikaenda na mume wangu, na huyo ndiye aliyemweza. Alisimama nje ya mlango, akaongea naye kwa upole hata sikusikia anasema nini, na mama akajibu kutoka ndani: "Nitakuja nikae kiangazi hiki. Nikiuzoea mji, nitabaki. Nisipouzoea, msinishike." Basi kiangazi chote kile mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani, kwamba mama abaki.

Sasa lazima niseme habari ya mkwe, bila hiyo hutanielewa. Kwetu, mama na mume wa binti yake hawazoeani ovyo. Hawatazamani, hawapeani mikono, na mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake. Si chuki. Ni heshima, na heshima ile ina raha yake ukiizoea. Mume wangu ni mtu wa Tabora, lakini mambo hayo aliyashika kuliko Wagogo wenyewe. Akirudi kazini anasimama kwenye mlango wa koridoni, anakohoa. Mama akisikia, anavuta kanga kichwani, anasogeza sahani yake nyuma ya kiti, anageukia ukutani, ndipo anasema, "Pita, baba." Mume wangu anapita, anaenda kukaa kule mwisho kwenye meza ya chakula, naye kageukia upande wake.

Hapo sasa ndipo soga zinaanza. Wamepeana migongo, mmoja huku na mmoja kule, wanazungumza mvua, ng'ombe, wabunge, watu wa zamani. Wanacheka mpaka mimi niliyezaliwa na mmoja na kuolewa na mwingine najiona mgeni. Wenzake wa kazini waliokuja kwetu walikuwa wakimtania mume wangu kwamba kikohozi hicho aende akapime. Anawajibu, "Hiki si ugonjwa, hiki ni hodi ya mkwe."

Tatizo lilikuwa mchana. Sote tuko kazini, mama amebaki na redio ya marehemu baba, redio yenyewe imechoka, inakwaruza. Televisheni tulikuwa nayo, ya chogo, ile minene ya nyuma, imekauka sauti. Jioni moja mume wangu akaniambia, "Tumnunulie mama tivi mpya."

"Wewe una wazimu?" nikamwambia. "Mtu haoni!"

"Haoni," akasema. "Lakini anasikia kuliko mimi na wewe."

Siku zile madukani vitu vilikuwa vimefurika. Nyie mliokuta maduka yamejaa hamwezi kujua. Mimi nimepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, nikafika mbele nikaambiwa imekwisha. Nilipokuwa msichana, huku Bara hatukuwa na televisheni kabisa, tulisikia tu kwamba wenzetu wa Visiwani wanayo. Leo hii duka la mjini limezipanga ukuta mzima, flati skrini, nyembamba kama sinia, zote zinawaka mchana kweupe na hakuna anayezitazama. Nilizitamani, sitadanganya. Lakini pia niliwaza hivi: mama akipata kitu cha kumchangamsha, kiangazi kikiisha hatataka kuondoka.

Tukaenda naye dukani Jumamosi. Mimi nimemshika mkono, mume wangu kajitenga kule kwenye mafriji, akakohoa ili mama ajue yupo. Muuzaji alikuwa baba mmoja mwenye kitambi na maneno mengi. Akaanza: hii ina inchi kadhaa, hii rangi zake hazipauki, hii ukiitazama kwa pembeni bado unaona vizuri. Mama akamsikiliza kwa adabu mpaka akachoka.

"Baba," akamwambia, "mimi usinionyeshe. Niwashie tu."

Duka zima likacheka, na muuzaji akacheka kuliko wote. Akaweka diski ya kwaya kwenye deki, akawa anaihamisha kutoka televisheni moja hadi nyingine. Mama ameinamisha kichwa, anasikiliza kama anayepima mtama kwa mkono. Hii hapana. Hii ina mafua. Hii hapana. Akafika kwenye moja, wala si kubwa kuliko zote, akasema, "Hii. Hapa mwimbaji wa sauti ya pili anasikika."

Laiti tungeichukua hiyo hiyo tukaenda zetu. Lakini muuzaji akasema, kwa nia njema kabisa, "Mama, umechagua vizuri, ila nikwambie ukweli. Hizi bapa zina sura, hazina kifua. Ukitaka kifua, chukua na sabufa na spika zake tano." Akaziunganisha pale pale. Kwaya ikatoka mbele, ikatoka pembeni, ikatoka mgongoni. Mama akageuka huku na huku, akacheka kwa sauti, nami sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu baba afe.

"Yelewi! Wamenizunguka!" akasema.

Kutoka kwenye mafriji mume wangu akasema, "Funga zote. Tunachukua."

Fundi alitoka Kizota, mtu makini, na drili yake na bunda la waya. Akaitundika televisheni ukutani. Spika mbili akaziweka mbele, moja katikati chini ya televisheni, sabufa sakafuni. Zikabaki mbili za nyuma. Akauliza, "Nani anakaa wapi?" Nikamwonyesha kiti cha mama, kilichokuwa kwenye kona, ubavuni mwa mlango wa koridoni.

"Hapo hapana, dada," akasema. "Hapo atasikia nusu. Kiti kije katikati, na hizi mbili ziwe nyuma ya masikio yake. Katikati ndipo penye utamu."

Mimi nikasema sawa. Mama apewe penye utamu, sivyo? Tukasogeza kiti katikati ya sebule, mgongo kwenye koridoni. Spika moja ya nyuma fundi akaifunga ukutani karibu na dirisha. Ya pili akaifunga juu ya mlango wa koridoni, pale pale mume wangu anaposimama kukohoa. Kisha akaitegesha mitambo ili sauti yoyote itoke kila pembe, akanikabidhi rimoti. Nilimpa fundi soda na nikamshukuru sana.

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha, siwezi kuzikana. Mama alikaa katikati ya kwaya akiitikia na kupiga makofi. Jirani akija anamwambia, "Mkwe wangu ameninunulia kanisa." Nikajiona nimeshinda. Nikaanza hata kupanga chumba chake, nikamshonea mapazia ambayo hangeyaona.

Lakini televisheni haina kwaya peke yake. Kuna taarifa ya habari, kuna mpira, kuna tamthilia, na sisi jioni tulizitaka. Humo wanaume wanaongea, wanagombana, wanafungua milango, wanakohoa. Jioni moja, tamthilia inaendelea, mzee mmoja wa humo akakohoa. Mama akavuta kanga kichwani, akasukuma sahani nyuma ya kiti, akasema, "Pita, baba."

Nikacheka. Jamani, nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Mama! Huyo ni wa kwenye tivi!"

Na yeye akacheka kidogo. Baada ya muda akakohoa mwingine, sijui wa humo au wa tangazo, na mama akakaa kimya. Kumbe safari hii alikuwa mume wangu. Alisimama pale mlangoni, akakohoa tena, akasubiri. Mama hakusema pita. Mume wangu akazunguka nje, akaingia kwa mlango wa jikoni, akanikuta napakua mboga.

"Mama amelala?"

"Hajalala."

"Mbona haniitikii?"

"Hajakusikia tu," nikasema, na nikaendelea kupakua. Neno lilikuwa limetoka mdomoni mwangu mwenyewe, na sikulisikia.

Tangu hapo mama hakuitikia kikohozi chochote. Akachoka kuchekwa, nadhani, au alihofia kumkaribisha ndani mtu asiyekuwepo. Mume wangu akawa anakohoa, anasubiri, anazunguka jikoni. Siku moja alasiri alikuta pako kimya, ila sauti ya televisheni tu, akakohoa, hakuna jibu, akadhani mama yuko chumbani. Akaingia ameinamisha macho kama kawaida yake. Mama alikuwa katikati ya sebule, kichwa wazi, tonge mkononi. Alijua mkwe wake yupo aliposikia anavuta kiti kukaa. Mimi nilikuwa natoka jikoni na bakuli la maziwa, nikaona kila kitu kwa macho yangu: mume wangu akiruka kama aliyeungua na kutoka mbio, na mama amebaki na tonge mdomoni, hatafuni wala hatemi. Nikadhani amepaliwa. Nikampiga mgongoni.

Baada ya siku ile mama akaacha kula sebuleni. Namletea chakula anasema, "Weka, nitakula." Nikirudi kiko vile vile. Namwambia aende akale chumbani, anasema, "Mimi si mgonjwa." Nikadhani ni chakula cha mjini. Nikamtafutia unga wa uwele, nikampikia mlenda wa kwetu, nikaweka karanga. Anaonja, anaacha. Akakonda mpaka shingo ikaonyesha mishipa. Na mimi badala ya kukaa chini nikamwuliza taratibu, nikawa mkali.

"Mama, unataka nini? Kila kitu umeletewa! Nikuzimie tivi?"

"Iache, mwanangu. Zawadi ya mkwe haikataliwi."

Usiniulize kwa nini sikumwelewa. Nilisikia anashukuru.

Mume wangu naye akanyong'onyea. Kila tukikaa ananiuliza, "Nimemkosea nini mama?" Akaacha hata kwenda kwenye mpira wa Jumamosi, anasema hana hamu. Nyumba nzima ikawa na watu wawili wanaoheshimiana, kila mmoja anaamini mwenzake amemchoka, na mimi katikati nina rimoti mkononi.

Jumamosi nyingine umeme ukakatika mchana. Siku zile ulikuwa ukikatika mno, tukalaani kama kawaida. Sebule ikanyamaza hata kuku wa jirani wakasikika. Nikiwa uani nafua, nikasikia kikohozi cha mume wangu. Na papo hapo, kutoka ndani, sauti ya mama: "Pita, baba!"

Wakakaa pale mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Nilisikia habari za Tabora, nikasikia habari za ng'ombe wa babu, yule ng'ombe aliyekataa kuvuka mto mkavu, nikasikia mume wangu anacheka mpaka anapiga meza. Akaaga, akatoka. Mama akaniita, "We mwanangu, hakuna chakula nyumba hii?" Akala ugali wote, akafuta sahani kwa kidole. Nilifurahi, nikasema moyoni, afadhali, homa imemtoka. Halafu umeme ukarudi, spika zote tano zikanguruma kwa pamoja, na mama akavuta kanga kichwani.

Kiangazi kilipoisha akaniita. "Nirudishe nyumbani."

"Kwa nini, mama?"

Akatafuta neno lisilomgusa mkwe wake. Kisha akasema, "Nyumba yako ina wanaume wengi, mwanangu."

Nikawaka. Nilifikiri ananituhumu, au uzee umemvuruga akili. "Nyumba hii ina mwanaume mmoja tu! Mmoja! Na huyo mmoja umemnunia kiangazi kizima!" Mama akaanza kukunja kanga zake kwa kupapasa, moja juu ya nyingine. Tulikuwa tumeahidi kutomshika, na hatukumshika. Tulikodi pikapu, tukamrudisha Bahi, mume wangu kakaa nyuma na mizigo kwenye vumbi ili mama akae mbele kwa nafasi.

Tulikwenda kumwona msimu wa kulima, uwele umefika magotini. Mume wangu alibaki nyuma kidogo njiani kuongea na jirani, mimi nikatangulia. Nikamkuta mama ndani ya tembe, amenenepa, anakula ugali na mlenda, kichwa wazi. Nikamwamkia shikamoo, nikaketi kwenye kigoda. Tukawa tunaongea. Mara akanyamaza, akavuta kanga, akasukuma sahani nyuma yake, akageukia ukuta. Mimi sikusikia kitu. Nikachungulia nje, sikuona mtu. Ndipo mume wangu akatokea kule kwenye uzio wa miiba, mbali, akakohoa.

"Pita, baba," mama akasema.

Pale pale kwenye kigoda nilielewa yote kwa mara moja: tonge, kikohozi, sahani nyuma ya kiti, wanaume wengi. Mume wangu alipokuwa bado anavua viatu nje, nikamnong'oneza mama, "Kule mjini ulikuwa humsikii akikohoa?"

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Walikuwa wanakohoa wengi. Wangu ningemjuaje?"

"Si ungesema, mama!"

"Niseme nini? Kwamba zawadi ya mkwe wangu imenivua nguo mbele yake?"

Nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Nikamwomba arudi, nikamwambia tutazing'oa. Akanishika kichwa, akasema, "Nikishavuna nitakuja. Mwambie baba asizitupe, ni mali. Aziweke tu." Baadaye tulipotoka nje nikamweleza mume wangu, akatembea mpaka shambani, akasimama amenigeuzia mgongo muda mrefu.

Tulizing'oa siku hiyo hiyo tuliyofika Makole. Zile mbili za nyuma tu, tukazifunga kwenye boksi lake. Kiti tukakirudisha kwenye kona yake, ubavuni mwa mlango. Kisha nikajifunga kanga machoni, nikakaa pale, televisheni inazungumza mbele kwa sauti yote, mume wangu akaenda koridoni akakohoa. Nikamsikia. Nikamwambia ajaribu tena kwa sauti ya chini. Nikamsikia. Tukafanya hivyo kama watoto, huku tunacheka, yeye anakohoa na mimi naitikia, "Pita, baba! Pita, baba!" Nilikuwa na furaha ya kijinga siku ile. Nikasema mama atakapokuja hatajua hata kama kulikuwa na tatizo.

Uwele ulikuwa haujaiva taarifa ilipotufikia. Jirani alimkuta asubuhi amelala kwenye kitanda chake, hakuugua, hakusumbua mtu.

Tulipofika tembe lilikuwa limejaa wanawake, mimi nikaingia nikaketi chini karibu naye. Wakanipokea kwa kilio, kisha kilio kikatulia, tukawa tunasubiri wanaume walete jeneza. Nikasikia hatua zao nje, nikasikia wanashauriana kwa sauti za chini. Kisha zikanyamaza. Pale mlangoni, bila kujua anafanya nini, mume wangu akakohoa.

Wanawake wote wakageukia mlangoni. Na mimi, niliyekuwa nimemshika mama mkono, nikasubiri aitikie.